Kipande cha Ndege ya Mahameni

Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili, gumba na kinachofuata, na jicho la upande huohuo linaona mwanga tu, halioni mtu. Watu wakinikuta karakanani Kizota nikitoboa bati huku nimelibana kwa vidole hivyo viwili, wengine hudhani nilizaliwa hivi, wengine hudhani ni mashine ya kiwandani. Ni ndege. Ndege ya vita, ya wakati wazungu walipokuwa wakipigana wao kwa wao, iliyokuwa imelala mahameni kwetu, makazi yetu ya zamani, tangu mama yangu hajaolewa. Ilinikata vidole mwaka ule maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa sabuni tena, na dakika hiyohiyo ikamuua kaka yangu.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie. Nimetaka kuandika kwa sababu walioniokoa ni wengi kuliko walioniumiza, na sijawahi kuwashukuru wote kwa mkupuo mmoja. Walioniumiza nao nitawasema. Ni wawili: mwenye mizani ya vyuma chakavu aliyekuwa karibu na reli, na baba yangu mdogo. Majina siandiki, maana wana watoto, na watoto hawakufanya lolote. Wenyewe wakisomewa watajijua.

Mama alikuwa kigori ndege ile ilipoanguka. Alikuwa juu ya dungu katika shamba la uwele la baba yake, akiwinga kweleakwelea kwa kombeo na kelele. Anasema alisikia ngurumo inayokatika-katika kama kikohozi cha mzee, halafu kitu kikapita chini kabisa, kikaburuza tumbo mbugani, kikasimama kimeelekeza pua kwenye kichuguu. Babu alikuja mbio na mkuki. Alipoona hakuna wa kumchoma, alimtazama binti yake kule juu ya dungu akasema, "Nilikwambia winga ndege. Wa chuma sikukwambia." Maneno hayo yalirudiwa kwetu mpaka babu alipozikwa, na siku ya kumzika pia yalirudiwa.

Rubani alitoka mwenyewe, pua inavuja damu. Walimpa togwa akanywa vibuyu viwili, wakampandisha punda mpaka barabara kuu. Baada ya siku kadhaa wakaja wazungu wengine, wakang'oa redio, saa na bunduki za mabawani, wakasema watarudi kuchukua kilichobaki. Hawakurudi.

Basi ikawa yetu. Nyuma ilikuwa ya kitambaa kilichopakwa rangi. Hicho kiliisha mwaka uleule. Bati la mabawa likawa miiko, likawa vifuniko vya mizinga, likaziba mapaa yaliyovuja. Halafu kuna mwanamke, hakuna anayemkumbuka, aliyekuwa na mtoto wa degedege. Alimfunga shingoni kipande kidogo cha bati lile kwa uzi mweusi, na mtoto akapona. Maelezo yake yalikuwa rahisi: dege linalomkamata mtoto ni ndege wa hewani asiyeonekana. Akiona kipande cha mwenzake aliyeangushwa, anaogopa, anapita. Tangu hapo kila mama mwenye mtoto aliyetupwa na homa akitetemeka na kugeuza macho alitafuta kipande. Hata tulipohamishwa kukaa kijijini na ndege ikabaki peke yake mahameni, wanawake walikuwa wakitembea mpaka kule kukata. Mchungaji alikemea akachoka.

Mimi nilikuwa kijana wa karakana mjini, naunda bodi za mabasi, mpaka karakana ile ya umma ilipofungwa na sisi tukaambiwa twende nyumbani. Hapo ndipo mwenye mizani akaniita. Kila mtu wakati ule alikuwa anauza kitu, ruksa ilikuwa imetoka, na yeye alikuwa ananunua chuma, bati, shaba. Alikuwa amesikia habari za ndege ya kwetu.

"Bati lake najua mmeshalimaliza," aliniambia. "Mimi nataka shaba. Ndani ya bawa moja kuna shaba ya njano, imepangwa kama mahindi."

"Hiyo si risasi, mzee?"

"Ilikuwa risasi. Chuma kilicholala miaka yote hiyo kimekufa. Wewe fundi mzima, betri ikikaa mwaka mmoja haifi?"

Betri hufa. Injini hufa, redio hufa, hata barabara kwetu tunasema imekufa. Kwa hiyo nilielewa, na kuelewa huko ndiko kulikotuponza. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna vitu havifi kwa kulala. Yeye alijua. Nimekuja kuambiwa na watu wawili waliofanya kazi kwake kwamba ganda zima la risasi alikuwa haligusi kwa mkono wake.

Nilikwenda kijijini, nikalala kwa mama. Asubuhi nikamwambia kaka kwamba nakwenda mahameni. Kaka alikuwa amebaki nyumbani akilima, ana mke na mtoto mmoja wa kike ambaye hajaanza kutembea, na ndiye aliyekuwa akisimamia kwaya kanisani. Nilitegemea angenikataza. Akasema, "Ngoja nivae, twende wote." Sikumuuliza kwa nini. Laiti ningeuliza, miaka kumi ya maisha yangu ingekuwa mingine.

Tulipofika, yeye alikwenda pale alipokuwa akikaa rubani, akainama humo ndani na kisu chake muda mrefu. Mimi nilikuwa kwenye bawa la kulia, lile lililokunjika, nikitafuta pa kupitisha tindo. Baadaye akatoka, akaja kunishikia tindo ili nipige nyundo kwa mikono miwili. Nilipiga mara tatu au nne. Sikusikia mlio. Nakumbuka vumbi jeupe, na nyuki wakitoka kwenye kichuguu.

Sasa naanza shukrani. Namshukuru mwanamke aliyekuwa akikata kuni ng'ambo ya mbuga, aliyenifunga mkono kwa upande wa kanga yake kabla hajapiga yowe, maana wengine wangeanza na yowe. Namshukuru dereva wa lori la zabibu aliyekuwa akitoka Makutupora. Alishusha makreti yake barabarani, zabibu zilizoiva, jua kali, akanilaza mimi. Akanipakia na maiti ya kaka. Zile zabibu sijui ziliishia wapi na hakurudi kuniuliza. Namshukuru muuguzi mmoja pale hospitali ya mjini, mama mnene mwenye hasira, aliyekuwa akinifunga bandeji huku ananigombeza: "Kula! Umebakiwa na mdomo mzima, utumie!" Nilikula kwa kumwogopa.

Kaka alizikwa nikiwa kitandani. Niliporudi kijijini na mkono umefungwa shingoni, habari ilikuwa imeshatengenezwa. Baba mdogo ndiye aliyeitengeneza. Alikuwa amesema msibani, mbele ya watu wanaokula: "Kijana kafukuzwa kazi mjini, ghafla anakuja kumchukua kaka yake asubuhi na mapema. Anampeleka mahameni, wawili tu. Anarudi hai, mwenzake anarudi kwenye turubai. Nyinyi mnaitaje hiyo?" Hakusema neno kafara. Aliacha watu walitafute wenyewe, wakalipata. Shamba langu la mpakani mwake alianza kulilima msimu uleule, kwa kuwa mtu aliyemtoa kaka yake hadai mipaka.

Mimi nilisema, nikarudia, kwamba kaka alitaka mwenyewe kuja. "Alitaka kufuata nini?" wakaniuliza. Msimamizi wa kwaya, baba wa mtoto mchanga, hauzi vyuma, atake nini mahameni? Shemeji yangu, mke wa marehemu, alikuwa amekaa palepale amefunika kichwa. Hakusema kitu.

Mwenye mizani nilimfuata hata kabla kidonda hakijakauka. Alinitazama bandeji, akasema, "Mimi nilikwambia shaba. Nilikwambia risasi mimi?" Halafu akaendelea kupima mabati ya mtu mwingine.

Lakini yote hayo ningeyabeba. Lililonishinda ni mama. Mama hakunishitaki kwa neno hata moja. Nikija, "Mbukwa, mama," anaitika "Mbukwa," anapokea nilicholeta, sukari, kitenge, sabuni, anakiweka chini kando ya mlango. Nikiondoka anakigawa kwa majirani. Hakula kitu changu. Hakuniuliza siku ile ilikuwaje. Watu walidhani ameridhika na maneno ya baba mdogo, na mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimepanga chumba Ipagala, nimepata kazi kwenye karakana ya mtu binafsi Kizota, nimeoa, nimezaa. Kila nilipopanda baiskeli kwenda kumsalimu nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu: asife kabla hajajua kwamba mimi si muuzaji wa damu. Alikuwa anazeeka. Kila mwaka aliinama zaidi.

Ilipita miaka kama kumi. Siku moja wakaingia karakanani watu wawili. Mmoja mzungu mzee sana, kofia ya majani, suruali imeshikiliwa na mikanda ya mabegani. Wa pili fundi Mtanzania, mtu wa Arusha, mwenye utani mwingi. Walikuwa na karatasi za serikali za kuichukua ile ndege, na walikuwa wanatafuta mtu anayejua kutoa ribiti, zile pini zinazoshikanisha bati, bila kulichana na anayejua njia ya kule.

Tajiri wangu alicheka mpaka akashika meza. "Mwenye ndege ni huyu hapa! Walishagawana. Yeye alichukua shaba, ndege ikachukua vidole."

Yule mzee hakucheka. Aliuliza maneno hayo yana maana gani, na fundi akamtafsiria kwa sauti ya chini. Mzee akaja akanishika mkono, ule mbovu, akaugeuza, akautazama kama mtu anayetazama mashine iliyovunjika ili ajue pa kuanzia. Akauliza, kupitia kwa fundi, ilikuwa bawa lipi.

"La kulia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Katika jalada lake, akasema, imeandikwa kwamba risasi za bawa la kulia hazikutolewa kwa sababu bawa lilikunjika. Iliandikwa wakati uleule wa vita. Nilikaa chini kwenye tairi. Kumbe kulikuwa na mtu aliyejua, akaandika, akafunga jalada, akaliweka kabatini ng'ambo ya bahari.

Nilikubali kazi ile nikiwa naogopa, sitaki kusema uongo. Walitangulia askari wa mabomu, wakakaa siku mbili, wakalipekua bawa lile na mchanga wote wa kando yake, wakaondoka na masanduku. Ndipo tukaingia sisi. Tuliloweka bolti za mabawa kwa dizeli siku nzima kabla ya kuzigusa. Ribiti nilizitoboa moja moja kwa keke ya mkono, maana mzee alikuwa anataka kila bati libaki na matundu yake ya asili. Tulichimba chini ya tumbo, tukapitisha mikanda mipana ya turubai, tukainyanyua kwa winchi ya lori vidole viwili vitatu kwa mara moja, tukijaza magunia ya mchanga kila inapopanda. Ilipotoka ardhini ilitoa mlio kama mtu anayejinyoosha. Mzee alivua kofia.

Jioni alikuwa anatusomea jalada na fundi anatafsiri. Ile ndege ilikuwa na maisha. Iliundwa Uingereza, ikasafirishwa kwa meli ikiwa ndani ya sanduku, ikaunganishwa kusini mwa Afrika. Ikaruka kupita Dodoma kwenda kaskazini kupigana na Waitaliano kule Uhabeshi. Ilipigwa mkiani, ikatiwa kiraka. Imeandikwa kiraka cha ukubwa gani na nani alikitia. Iligonga gurudumu ikitua, ikabadilishwa gurudumu. Ikabadilishwa injini. Ilipochoka ikaambiwa irudi kusini ikafundishie marubani wapya, na ni katika kurudi huko rejeta ilipopasuka, injini ikachemka, ikaja kumkuta mama yangu juu ya dungu. Yule mzee mwenyewe ujana wake aliupitisha akitengeneza ndege za aina hiyo. Hakuwahi kuruka nayo hata moja. "Nilikuwa nafua chuma tu," alisema, na neno hilo alilisema kwa Kiswahili, sijui nani alimfundisha.

Nilikuwa nasikiliza kwa uchungu, sifichi. Chuma kina cheti cha kila jeraha. Kaka yangu hana hata mstari mmoja isipokuwa ule aliotunga baba mdogo.

Kilichokosekana kilikuwa kibati kidogo chenye namba, kilichotakiwa kuwa mbele ya kiti cha rubani. Mzee alisema bila zile namba hawezi kuthibitisha kwamba ndege hii ndiyo ya jalada hili. Itakuwa rundo la bati tu. Tulichuja mchanga kwa chekecheke, hatukukiona. Pale kilipokuwa paling'olewa kwa kisu. Niliziona zile alama za kisu, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri, lakini fikra yenyewe ilikuwa kubwa mno kuisema.

Fundi akaitisha mkutano kijijini, penye uwanja wa shule. Watu wakajaa, baba mdogo kiti cha mbele. Mama aliletwa akakalishwa kivulini. Mzee mzungu alimwendea kwa heshima zote, akainama, akamwambia, "Marahaba!"

Mama akanitazama. "Huyu mwenzangu kajiamkia mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote bila kujua kwa nini. Fundi naye, kwa kuona watu wamechangamka, akaongeza utani. Hapo ndipo alipoharibu. Badala ya kusema ndege inahitaji vipande vyake, alisema kama vile anasema habari za kiumbe hai: "Jamani, ndege huyu anataka kurudi kwao. Hawezi kuruka uchi! Anataka manyoya yake. Kila aliyemnyonyoa amrudishie!"

Niliona mwanamke mmoja wa mbele akiusukuma uzi mweusi ndani ya shati la mtoto. Mwingine akamfunika mwanawe kanga mpaka puani. Kwa fundi ule ulikuwa utani wa ndege na manyoya. Kwao lilikuwa ni dege lenyewe limekuja kudai, na mpelelezi wake ni mzungu mwenye kofia. Ukimrudishia kipande, umemrudishia mtoto.

"Hatuna," akasema mmoja.

"Vyote viliungua," akasema mwingine.

Fundi akaninong'oneza, "Hawa wameviuza kwa watu wa vyuma, siyo?"

Ilibidi nimweleze. Alishika mdomo, kisha akamweleza mzee. Mzee akatoa mfukoni karatasi nyembamba na penseli. Akavua mkufu wake mwenyewe shingoni, wenye kibati cha jeshi, akauweka mezani, akafunika kwa karatasi, akasugua penseli juu yake. Maandishi ya kibati yakatokea kwenye karatasi, meusi, yote. Akavaa mkufu wake tena, akainua karatasi watu waione.

"Sichukui," fundi akatafsiri, safari hii bila utani. "Nataka kusoma tu. Kipande kinabaki kwa mtoto."

Namshukuru mzee yule kwa mengi, lakini kwa hilo kuliko yote. Kutoka kwao mpaka kwetu anakuja kutafuta kitu kimoja, anaambiwa kimefungwa shingoni mwa mtoto, na hasemi "kivue."

Wakaanza kuja, mmoja mmoja. Watoto walicheka penseli ikiwatekenya kifuani. Vipande vilikuwa vitupu, bati tu, mzee akasugua kila kimoja kwa adabu ileile na kila mama akapewa karatasi yake. Ndipo shemeji yangu alipoinuka.

Alikuwa ametoka kibaruani, kwenye mizabibu ya Makutupora, vidole vyeusi kwa utomvu. Hakuwa na mtoto mkononi. Binti yake alikuwa mkubwa sasa, yuko darasani. Alifungua fundo la kanga, akaweka mezani kibati kidogo cha mraba. Kilikuwa na matundu mawili ya ribiti juu, na katika moja umepita uzi mweusi uliochakaa. Mzee akasugua. Zikatoka namba. Akafungua jalada, akalinganisha tarakimu kwa tarakimu, akasema kitu kwa lugha yake, akafuta macho.

Fundi akauliza bila ubaya wowote, kwa kazi yake tu, "Mama, ulikipata wapi?"

Angeweza kusema alikiokota. Alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi.

"Kilikuwa mfukoni mwa suruali ya mume wangu. Waliponiletea nguo zake."

Baba mdogo akajikohoza. "Mwanangu, angalia unachosema mbele ya watu."

"Nimeangalia miaka yote hii, baba. Leo nasema." Akageukia watu. "Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili wiki ile. Mimi ndiye niliyemtuma. Hakutaka, kwa sababu ya kanisa. Nililia mpaka akakubali. Mdogo wake aliposema anakwenda mahameni, akaona amepata njia, atakwenda kama mtu anayemsindikiza ndugu, hakuna atakayejua. Alichagua hiki kwa sababu kina tundu tayari. Huyu," akaninyooshea mkono, "hakumchukua mtu. Mume wangu alikwenda kwa miguu yake, kwa ajili ya mtoto wangu. Nikanyamaza nisiambiwe nimemuua."

Nitasema ukweli: kwa muda kama wa dakika tano nilimchukia kuliko baba mdogo. Miaka kumi! Alikuwa akiniona ninavyoingia kanisani watu wanasogea mbali nami, naye yuko benchi la pili. Halafu ile chuki ikakosa pa kushika. Alikuwa mjane, ana mtoto, anakaa kwa wakwe. Angeusema ukweli wakati ule, baba mdogo angegeuza tu ulimi wake na yeye ndiye angekuwa muuaji. Na hata sasa hakuna aliyemlazimisha. Kanisa lilimtenga na meza ya Bwana kwa ajili ya ile hirizi, miezi mingi, na alikubali. Kila mwaka wakati wa mavuno huwa nampelekea gunia la uwele, huniambia, "Acha, shemeji, yameisha," nami huliacha mlangoni. Baba mdogo aliondoka mkutanoni akisema ana ng'ombe wa kunywesha. Shamba langu nilililima msimu uliofuata na hakuna aliyenizuia. Kuniomba radhi hajaniomba, na mimi simsubiri.

Ndege iliondoka wiki ile kwenye lori refu, mabawa yamelazwa juu ya magodoro, watoto wakiikimbilia mpaka barabara kuu. Kibati kiliondoka nayo; shemeji alikitoa mwenyewe, akasema kimeshamaliza kazi. Mzee alinitumia picha baada ya muda: mifupa mitupu imesimama ndani ya banda, na lile bawa la kulia limenyooshwa. Fundi aliniambia mzee alifariki hajaiona ikiruka. Wengine wameirithi. Mimi nilibaki na keke ya mkono ya mzee, ndiyo ninayotobolea mpaka leo.

Lakini nilikuwa nasema habari za mama.

Mkutano ulipovunjika nilimshika mkono kumpeleka nyumbani. Tulipofika akakaa kwenye kigoda, akaniambia na mimi nikae. Nikakaa chini.

"Nyundo ilikuwa kwa nani?" akauliza.

Nilikuwa nimetoka kusafishwa mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyeniuliza swali hilo kule uwanjani, na kama ningesema ilikuwa kwa kaka, nani angenipinga? Mbele yake ulimi ulikataa.

"Kwangu, mama. Yeye alishika tindo. Mimi nilipiga."

Kuku walipita katikati yetu, akawafukuza kwa mguu. Nilifikiri sasa ndiyo basi.

"Nilijua," akasema. "Wewe ulikatika vidole tu. Ungekuwa wewe ndiye mshika tindo, ungekufa wewe. Nilikuwa nangoja uniambie. Ulikuwa unaniletea sukari."

Miaka yote nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba kaka alitaka kuja, sikuwahi kumwambia yeye nyundo ilikuwa kwa nani.

"Alisema nini mwisho?"

Nikamwambia. Kaka aliona napiga kwa woga, napiga kidogo kidogo, akasema, "Piga basi, bwana! Mbona kama unabisha hodi ukweni?" Na mimi nikacheka, nikapiga.

Mama akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi yenyewe, na bado anacheka.

"Ndiye huyo," alisema. "Ndiye huyo kabisa. Hebu rudia."

Nikarudia, kwa sauti ya kaka, maana nilikuwa naijua.